Fedha Mbele, Sanduku Nyuma

Mwezi wa Septemba 2015, Mmarekani aitwaye Isaac Childres alitangaza katika mtandao wa Kickstarter mchezo wa mezani ambao ulikuwa haujapigwa chapa. Aliuita Gloomhaven. Watu 4,904 walimchangia dola 386,104 ili auchapishe. Mwaka 2017, kwa toleo la pili, wachangiaji walizidi 40,000 na fedha zikakaribia dola milioni 4. Mwaka 2020 alipotangaza mchezo uliofuata, Frosthaven, walijitokeza watu 83,193 wenye takriban dola milioni 13. Wote hao walilipia kitu ambacho hawajapata kukishika mkononi.

Msomaji aliyezoea bao letu huenda akastaajabu. Fundi wa bao huchonga ubao mmoja kwa mteja mmoja, wenye mashimo 32, akatafuta kete 64, na kazi ikaisha. Asiye na ubao huchimba mashimo mchangani na mchezo ukaendelea. Lakini mchezo wa sandukuni una mamia ya kadi, vipande vya ramani na sanamu ndogo ndogo, na kiwanda hakikubali kuwasha mitambo yake kwa ajili ya sanduku moja. Hutaka maelfu kwa mkupuo. Kwa hiyo gharama yote humwangukia mbuni kabla hajamwona mnunuzi wa kwanza. Kitabu nacho kina tabia hiyo hiyo, na ndiyo sababu njia hii, inayodhaniwa kuwa ni mtoto wa intaneti, ilikwisha kukanyagwa zamani na washairi.

Mwaka 1713 Alexander Pope alikuwa kijana wa miaka 25, mwenye mwili dhaifu na mgongo uliopinda. Alikuwa Mkatoliki, na sheria za Uingereza za zama zile ziliwafungia watu wa dhehebu lake milango ya vyuo vikuu na vyeo vya serikali. Mtu wa namna hiyo hakuwa na mahali pa kuegemea ila kalamu yake. Alitangaza kwamba ataifasiri Iliad ya Homer kwa mashairi ya Kiingereza, katika juzuu sita, kwa gini sita. Aliyejiandikisha alitoa gini mbili papo hapo, na zilizobaki alizitoa kidogo kidogo kadiri juzuu zilivyotoka. Tazama hekima ya mpango huo: mshairi alipata cha kuanzia, na mchangiaji alibaki na sehemu kubwa ya fedha zake mfukoni mpaka aione kazi. Rafiki yake Jonathan Swift alizunguka kwenye kumbi za wakubwa akiwahimiza wajiandikishe. Walipatikana 575, na majina yao yakachapwa katika juzuu ya kwanza, mwaka 1715. Mchapaji Bernard Lintot alimlipa gini 200 kwa kila juzuu, na juu ya hayo akampa bila ya malipo nakala za kuwagawia waliojiandikisha. Juzuu ya mwisho ilitoka 1720, na Pope akawa amechuma takriban pauni 5,000, mali iliyomwezesha kuishi kwa kazi ya ushairi bila ya kumpigia magoti bwana yeyote.

Waendeshaji hodari wa leo hufanya yale yale kwa majina mapya. Huweka kanuni za mchezo hadharani ili zisomwe, huwapelekea wachezaji wanaosikilizwa nakala za majaribio, na huanza na kazi ndogo wakaitimiza kabla ya kuomba kubwa. Childres mwenyewe alikuwa amekwisha kutoa mchezo mwingine, Forge War. Kickstarter, iliyoanza 2009, imeongeza sharti moja ambalo kwa maoni yangu ndilo bora kuliko yote: lengo lisipofikiwa katika muda uliowekwa, hapana anayekatwa hata senti.

Sharti hilo, hata hivyo, humlinda mchangiaji mpaka siku ya kufikiwa kwa lengo tu. Baada ya hapo hubaki ahadi. Samuel Johnson alichangisha mwaka 1756 kwa ajili ya kuhariri tamthilia za Shakespeare, akitaraji kumaliza mwishoni mwa 1757. Ziliwafikia watu Oktoba 1765, baada ya mshairi Charles Churchill kumkejeli hadharani. Boswell anasimulia kwamba Johnson alipoulizwa kuhusu orodha ya wachangiaji, alisema majina yamempotea na fedha amekwisha kuzitumia. Kazi ilipotoka ilikuwa nzuri, basi akasamehewa. Frosthaven nayo ilichelewa, ikaanza kuwafikia wengi mwishoni mwa 2022, na waliosubiri hawakuambulia mikono mitupu.

Si kila mmoja amesubiri kwa heri. Mwaka 2012 mchezo uitwao The Doom That Came to Atlantic City uliombewa dola 35,000, ukapata zaidi ya 122,000 kutoka kwa watu 1,246. Mwaka mmoja baadaye mwendeshaji alitangaza kwamba mradi umekufa. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilimfungulia mashtaka 2015, kesi yake ya kwanza kuhusu changizo la namna hii, ikidai kuwa sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye kodi ya nyumba na mahitaji yake mwenyewe. Aliamriwa kulipa dola 111,793, kisha amri ikasimamishwa kwa kuwa hakuwa na uwezo. Waliobuni mchezo hawakuwa na habari ya yaliyokuwa yakitendeka. Kampuni nyingine, Cryptozoic, ndiyo iliyojitolea kuuchapisha na kuwapelekea wachangiaji masanduku yao bila ya kuwadai chochote.