Benchi la Bibi

Ndugu wanachama, tukitimiza miaka kumi tuwakumbuke wenzetu wa Zimbabwe. Bomoabomoa ya mwaka 2005 iliwaacha watu wapatao 700,000 bila nyumba au kazi. Mwaka 2006, mtaani Mbare, Harare, Dk. Dixon Chibanda alianza na bibi 14 na benchi nje ya zahanati. Mgonjwa aliyelemewa na mawazo alielekezwa kwa bibi, akasikilizwa. Kisha aliingia kikundi: kina mama wanafuma mikoba, wanauza, wanatiana moyo. Utafiti uliotolewa 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa 14 katika kila 100. Kwa waliopata huduma ya kawaida, 50. Kumbe kikundi nacho ni dawa! Basi mwenzetu akikosa vikao, kabla ya faini, twende tukamjulie hali.