Sangara Hakuwa Mwenyeji

Karibu na kisiwa cha Rubondo, katika Ziwa Victoria, mgeni aweza kukodi mashua na nahodha wake akavue sangara kwa mchezo. Nami nilikwenda. Nahodha aliijua miamba yote. Alipunguza mwendo, chambo kikaburutwa nyuma yetu, na punde mshipi ukakaza.

Samaki yule si wa asili ya ziwa hilo. Aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akitolewa Ziwa Albert, na baadhi ya waliomtaka walikuwa wapenzi wa mchezo huu huu. Wengine walitaka ale furu, samaki wadogo wasio na bei, awageuze nyama ya kuuzwa. Wataalamu walipinga, hawakusikilizwa. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu, ambazo hazikupatikana penginepo duniani, zilikuwa zimetoweka.

Ni kweli viwanda vilijengwa Mwanza na watu wakapata kazi. Lakini minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Sokoni yakabaki mapanki. Wenye ziwa, waliokula furu tangu zama za mababu, hawakuulizwa.