Kocha Kutoa Kipa Dakika ya 120: Ni Wazimu ama Ni Hesabu? Story ya Msee wa Kakuma na Penalti Iliyopeleka Australia Kombe la Dunia

Unajua ile kelele hutokea kwa kibanda cha mechi Lodwar kocha akifanya sub haijaeleweka? Msee wa mbele anasimama, anashika kichwa. Wa nyuma anamwambia akae chini, amefunika skrini. Halafu kila mtu anakuwa kocha. "Huyu anatoa nani? Analeta nani? Si afutwe tu!"

Sasa cheki hii. Tarehe 13 Juni 2022, kocha mmoja alifanya sub ambayo hata washabiki wake sugu waliiona ni kichaa. Dakika ya 120 ya mechi ya kuingia Kombe la Dunia, alitoa kipa namba moja, ambaye pia ni kapteni, akaweka kipa ambaye dunia nzima ilikuwa inauliza ni nani. Na katikati ya hiyo drama alikuwepo kijana aliyezaliwa hapa kwetu, Kakuma.

Tulia nikupange kila kitu: kilichotokea, sheria inasema nini, na vile unaweza kujua kama kocha wako ako na mpango ama anabahatisha tu.

Kwa kifupi, kama una haraka

Mechi: Australia dhidi ya Peru, mchujo wa mwisho wa kuingia Kombe la Dunia 2022.
Uwanja: Ahmad bin Ali, Al Rayyan, Qatar.
Matokeo: 0-0 baada ya dakika 120, Australia ikashinda 5-4 kwa penalti.
Kocha: Graham Arnold.
Kipa aliyetoka: Mat Ryan, kapteni.
Kipa aliyeingia: Andrew Redmayne wa Sydney FC.
Msee wetu: Awer Mabil, aliyezaliwa kambi ya Kakuma 1995.

Awer Mabil ni nani?

Kama uko Kakuma, pengine hili jina umelisikia tangu utotoni. Kama uko Lodwar na hulijui, hiyo ni aibu ndogo, kwa sababu Kakuma ni mwendo wa kama kilomita 120 tu kwa barabara.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992, wakati vijana wengi walikuwa wanakimbia vita Sudan. Mabil alizaliwa huko Septemba 1995, familia yake ikiwa imetoka sehemu ambayo leo ni Sudan Kusini. Boli alianzia kwa ile vumbi unayoijua, miguu bila viatu. Mwaka wa 2006, akiwa na miaka 10, familia ikapata nafasi ya kuhamia Australia, wakatua mji wa Adelaide.

Huko akaingia Adelaide United, na Januari 2013 akacheza mechi yake ya kwanza ya ligi akiwa na miaka 17 tu. Mwaka wa 2015 akaenda Denmark kuchezea FC Midtjylland. Wakabeba ligi msimu wa 2019/20, na msimu uliofuata wakaingia makundi ya Champions League, kundi moja na Liverpool, Ajax na Atalanta. Msee wa Kakuma kwa kundi moja na Liverpool. Wacha hiyo iingie.

Na hakusahau nyumbani. Yeye na kaka yake, Awer Bul, walianzisha shirika la Barefoot to Boots, linaloleta njumu na vifaa vya michezo kwa vijana wa Kakuma. Ukiona kijana kambini amevaa njumu za ukweli, huenda zimepitia mikono ya hao ndugu wawili.

Debut: siku ya kwanza haikuwa bahati

Hii sehemu watu huiruka, na ndiyo inafungua story yote.

Oktoba 15, 2018, Graham Arnold alikuwa anasimamia mechi yake ya kwanza baada ya kurudi kuwa kocha wa Australia. Walicheza Kuwait, ugenini. Kocha mpya kwa kawaida huogopa, anajaza kikosi na wazee waliozoea ili asitukanwe mapema. Arnold hakufanya hivyo. Alimpa Mabil debut yake, na pia akampa Thomas Deng, beki aliyezaliwa Nairobi kwa wazazi kutoka Sudan Kusini. Hawa wawili walikuwa marafiki tangu enzi za Adelaide. Mechi ikaisha 4-0 na Mabil akatingisha wavu.

Kwa hivyo Mabil alipotembea kwenda kupiga penalti 2022, kocha hakuwa anamuona mara ya kwanza. Walikuwa wamejuana karibu miaka minne.

Usiku wa Peru, hatua kwa hatua

Saa za Qatar na za Kenya ni sawa, kwa hivyo mechi ilianza saa tatu usiku, mapema kiasi kwamba hata mathe hawezi kulalamika sana. Ilikuwa mechi ngumu, timu zinaogopana. Mabil alianza benchi na akaingia baadaye.

Dakika ya 120 ikakaribia, bado 0-0. Ghafla ubao unainuliwa. Mat Ryan, toka. Andrew Redmayne, ingia.

Redmayne alikuwa na miaka 33 na mechi mbili tu za timu ya taifa. Maze, hata mimi ningepiga kelele.

Penalti zinaanza. Australia inapiga kwanza, na Martin Boyle anapanguliwa na Pedro Gallese. Sasa fikiria ungekuwa umesema nini kuhusu Arnold hapo. Lakini Redmayne ameanza vituko vyake: anarukaruka kwa laini, anatupa mikono huku na kule kama mtu anacheza ngoma harusini. Hata chupa ya maji ya Gallese, iliyokuwa na maandishi ya vile kila mtu hupiga, aliirusha nje. Luis Advíncula wa Peru anagonga mwamba. Baada ya penalti tano tano, ni 4-4.

Ya sita, anaenda Mabil. Akikosa, Peru wanaweza kumaliza kazi. Anapiga, inaingia, 5-4.

Anakuja Alex Valera. Redmayne anacheza ngoma yake, anaruka kulia kwake, anapangua. Imeisha. Australia iko Kombe la Dunia.

Baadaye Mabil aliwaambia waandishi kwamba alijua atafunga, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kushukuru Australia kwa niaba ya familia yake. Ukizaliwa mahali ambapo karatasi za kuhama zinaweza kuchukua miaka, unaelewa uzito wa hayo maneno.

Kwa nini ubadilishe kipa dakika ya 120 na si kabla ama baada?

Swali poa. Jibu liko kwa sheria.

Penalti za kuamua mshindi zikianza, huwezi kubadilisha kipa eti kwa sababu umemchoka. Inaruhusiwa tu kama kipa hawezi kuendelea, mfano ameumia, na bado uko na nafasi ya sub. Kwa hivyo kama unataka kipa wa penalti, lazima aingie kabla ya kipenga cha mwisho cha muda wa ziada.

Tatizo ni kwamba sub hufanyika boli ikiwa imesimama. Kama boli haitoki nje na hakuna faulo, kipa wako wa penalti anabaki kwa laini akiangalia saa. Na lazima uwe umebakisha sub moja muda wote huo, hata kama winga wako amechoka kabisa. Hiyo ndiyo bei yake.

Kisha kuna akili. Arnold alieleza kwamba alitaka kuwapa Peru swali kichwani: huyu ni nani, na kwa nini ameletwa? Mpigaji akianza kuuliza maswali, ameshapoteza nusu.

Na Redmayne hakuokotwa barabarani. Fainali ya ligi ya Australia 2019, Sydney FC dhidi ya Perth Glory, iliamuliwa kwa penalti na yeye ndiye alikuwa shujaa. Arnold alikuwa amemfundisha hapo hapo Sydney FC kabla ya kwenda timu ya taifa. Alijua anachukua nini.

Je, huu ujanja hufanya kazi kila wakati?

Hapana, na hapa ndipo washabiki wa Chelsea wanaweza kuruka wakitaka.

Uholanzi, Kombe la Dunia 2014: Louis van Gaal alimtoa Jasper Cillessen mwishoni mwa muda wa ziada dhidi ya Costa Rica, akaweka Tim Krul. Krul akapangua mbili, Uholanzi ikapita. Nusu fainali dhidi ya Argentina, Van Gaal alikuwa amemaliza sub zake. Cillessen akabaki, wakatolewa kwa penalti.

Chelsea, Agosti 2021, Super Cup ya Ulaya dhidi ya Villarreal: Thomas Tuchel alimtoa Édouard Mendy, akaweka Kepa. Kepa akapangua mbili, Chelsea ikabeba kombe. Tuchel akaitwa jiniasi.

Februari 2022, fainali ya Carabao dhidi ya Liverpool: Tuchel yule yule, Kepa yule yule, sub ile ile. Kepa hakupangua hata moja, halafu penalti yake mwenyewe ikapaa juu ya mwamba. Liverpool 11, Chelsea 10. Tuchel akaitwa mjinga.

Umeona? Uamuzi ni mmoja, sababu ni zile zile, matokeo ni tofauti. Kama ulimsifu Agosti na kumtukana Februari, hukuwa unahukumu uamuzi. Ulikuwa unasoma ubao wa matokeo tu.

Sasa sisi Wakenya hatuna haki ya kukasirika?

Tuko nayo, tena sana.

Kumbuka AFCON 2019 kule Misri. Sébastien Migné alimuacha nje Jesse Were, straika aliyekuwa anafunga mabao Zambia na Zesco United. Watu walichemka. Stars wakapigwa 2-0 na Algeria, wakashinda Tanzania 3-2, wakapigwa 3-0 na Senegal. Yaani mabao yote yalitoka mechi moja, na mechi mbili tukatoka mikono mitupu. Were angefunga? Hakuna mtu anaweza kuapa. Lakini swali lilikuwa halali, na kabla ya Agosti 2019 kuisha Migné alikuwa ameachana na Stars.

Na CHAN tuliyoandaa 2025, Stars ya Benni McCarthy ikatolewa robo fainali na Madagascar kwa penalti 4-3, baada ya sare ya 1-1. Hiyo bado inauma. Lakini penalti kukosa peke yake si ushahidi kwamba kocha ni mbaya.

Maswali manne ya kuuliza kabla hujamtukana kocha

1. Huyu mchezaji ameandaliwa? Redmayne alikuwa na rekodi ya penalti. Mabil alikuwa ameaminiwa tangu 2018. Mtu akirushwa ndani bila maandalizi, hapo lalamika.

2. Kocha alikuwa na chaguo gani benchi? Ukisema "angeweka fulani", hakikisha fulani hana jeraha ama kadi.

3. Ungesema nini kama ingefaulu? Kama jibu ni "jiniasi", basi tatizo lako ni matokeo.

4. Ametoa maelezo? Kocha si lazima aseme mpango kabla ya mechi. Baada ya mechi, shabiki aliyelipa anastahili sababu.

Na chipukizi je?

Kombe la Dunia lenyewe, Arnold alibeba Garang Kuol, miaka 18, kijana mwingine wa familia ya Sudan Kusini. Washabiki walimtaka aanze. Arnold akamtumia kutoka benchi, mabeki wakiwa wamechoka. Dhidi ya Argentina, Australia ikiwa nyuma 2-1, Kuol alipata nafasi sekunde za mwisho na Emiliano Martínez akaizuia. Angefunga, tungekuwa tunaongea kitu kingine. Hakufunga, lakini hakuna mtu alimlaumu, kwa sababu kocha hakuwa amemtwika mzigo wa timu nzima.

Hiyo ndiyo point ya kubeba nyumbani. Kocha unaweza kumkasirikia, analipwa kwa hiyo kazi. Lakini kijana anayeingia mara ya kwanza, iwe ni uwanja mkubwa Qatar ama kiwanja cha vumbi Kalobeyei, hakujichagua. Ukimzomea kwa kosa la dakika ya kwanza, hutajua angekuwa nani dakika ya 120.

Wikendi hii ukienda kucheki mechi, kocha akifanya sub ya ajabu, hesabu mpaka kumi. Halafu kaa chini buda, umefunika skrini.