Bi Kidude: Bibi wa taarabu aliyetambulika duniani akiwa mzee

Kila tunapopiga "Muhogo wa Jang'ombe" kwenye zilipendwa, ujumbe huingia kutoka Masoko hadi Tukuyu mjini: huyo bibi mwenye sauti nzito ni nani, na bado yu hai? Tuanze na la pili. Alifariki Bububu, Unguja, tarehe 17 Aprili 2013.

Jina lake halisi ni Fatuma binti Baraka, mzaliwa wa kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, binti wa muuza nazi. Kidude ni jina la utani, maana alizaliwa kitoto kidogo mno. Mwaka wa kuzaliwa haukuandikwa popote. Mwenyewe alisema ni zama za rupia, na ndiyo maana magazeti yalimhesabia zaidi ya miaka 100.

Utotoni alimsikiliza Siti binti Saad, yule aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili. Siti alifariki mwaka 1950. Kidude alizishika nyimbo zake kwa kuzisikiliza, akaendelea kuziimba kwa zaidi ya miaka 60 baada ya hapo.

Lakini msidhani alikula kwa muziki tu. Kwa miaka mingi alipaka maharusi hina, alitengeneza wanja, alitoa dawa za miti shamba, na alikuwa mwalimu wa unyago. Unyago ni mafunzo ya wari, wasichana waliovunja ungo: namna ya kuishi na mume, kujitunza, kujiheshimu. Wanawake hufundishana kwa ngoma na nyimbo, wanaume hawaruhusiwi. Kidude alikuwa akifunga msondo kiunoni kwa kanga, ngoma ndefu inayokaribia kumfika kifuani, akaipiga amesimama huku anaimba. Jaribu hilo ukiwa na miaka 80!

Ngoma hiyo alipoipandisha jukwaani mbele ya wanaume na wageni, maneno yakawa mengi: siri ya wanawake inaanikwaje? Walalamikaji walikuwa na hoja. Ila mimi naona kwamba bila yeye, wengi wetu huku Nyanda za Juu tusingejua hata kwamba msondo upo.

Miaka ya 1980 alianza kuzunguka nje ya nchi na kundi la Twinkling Stars la Mohamed Ilyas. Ulaya, Mashariki ya Kati na Japani walimshangilia bibi aliyevuta sigara bila kujificha. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, tuzo kubwa ya muziki wa asili duniani. Nishani ya Sanaa na Michezo kutoka kwa Rais Kikwete ilimfikia Desemba 2012, miezi minne tu kabla ya kifo.

Alizikwa kesho yake, Kitumba. Hakuacha mtoto wa kumzaa. Nyimbo zake mtazisikia tena hapa hapa, kwenye zilipendwa.