Kolwezi ya sinema, na vita iliyopita Mutshatsha

Mwaka 1980 Wafaransa walijaa sinema kutazama "La Légion saute sur Kolwezi". Mitaa waliyoiona haikuwa ya Kolwezi, mji wa Katanga katika Zaire ya wakati huo (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo): filamu ilipigwa Guyane, Amerika ya Kusini. Mwongozaji alikuwa Raoul Coutard, aliyejipatia jina kwa kushika kamera ya Jean-Luc Godard, na miongoni mwa waigizaji wakuu alikuwemo Bruno Cremer.

Hadithi yenyewe ilitoka katika kitabu cha Pierre Sergent, kapteni wa zamani wa Légion, jeshi la Ufaransa la askari wa kigeni, aliyemwasi Rais de Gaulle akitaka Algeria ibaki ya Ufaransa, akahukumiwa kifo akiwa mafichoni, kisha akasamehewa. Kitabu kiliwatukuza askari wenzake, na filamu ikafuata nyayo hizo.

Mchezo mkubwa wa filamu ni tukio la kweli. Tarehe 13 Mei 1978, wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC, wakiongozwa na Nathanaël Mbumba, waliingia Kolwezi wakitokea Angola kupitia Zambia. Alasiri ya tarehe 19, askari wa miavuli karibu 400 wa kikosi cha pili cha Légion, chini ya Kanali Philippe Erulin, waliruka juu ya mji. Miavuli ilikuwa ya Kimarekani, wao hawakuizoea. Wakatua kwenye majani marefu na vichuguu, wakaanza kutafutana. Kufikia hapo Wazungu zaidi ya 100 na Wazaire kwa mamia walikuwa wamekwisha kuuawa.

Mapigano hayo ya 1978 watu wa Katanga huyaita vita ya siku sita. Lakini kabla yake kulikuwa na vita ya siku themanini, na hiyo filamu haikuigusa.

Vita hiyo ilianza Machi 1977 na kufuata reli. Njia inayotoka Tenke kupitia Kolwezi, Mutshatsha na Kasaji hadi Dilolo, kisha Lobito, ndiyo iliyokuwa ikipeleka shaba baharini mpaka vita ya Angola ilipoifunga mwaka 1975. FNLC, ambayo kiini chake kilikuwa majandarmu wa zamani wa Tshombe, kiongozi wa Katanga ilipojitenga, waliokimbilia Angola, iliteka Dilolo, Kasaji, kisha Mutshatsha. Kolwezi, yenye migodi ya Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, ikawa ndiyo inayofuata. Rais Mobutu wa Zaire, aliyekuwa amewaunga mkono maadui wa MPLA, chama kilichotawala Angola, aliomba msaada. Wamoroko kama 1,500 wakaletwa kwa ndege za Ufaransa, na mwishoni mwa Aprili Mutshatsha ikarudi mikononi mwa serikali.

Asiyejua hayo atadhani waasi wa 1978 walizuka tu. Mtazamaji wa Coutard anabaki na Wazungu wa kuokolewa na askari wa kuwaokoa. Mwenyeji anapita nyuma ya kamera.

Uwezo wa kusimulia haukukosekana Katanga. Mwaka 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi katika picha kama mia, na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyezaliwa Ujerumani, akarekodi maelezo yake kwa Kiswahili cha Katanga. Kazi hiyo ilitoka kama kitabu mwaka 1996. Tshibumba hakungoja kikosi kishuke ndipo historia ianze: alianza na mababu, akapita kwa Wabelgiji, Lumumba na Tshombe. Atakayeitengeneza filamu ya Kolwezi upya amekwisha kuonyeshwa mpangilio, na Mutshatsha itakuwa na sehemu yake kabla miavuli haijafunguka.