"Children" ya Robert Miles: Piano ya Kuwatuliza Vijana Kabla ya Kushika Usukani

"Children" ni wimbo wa ala tupu wa Robert Miles, uliotoka Italia mwaka 1995 na kuenea Ulaya mwaka uliofuata. Huhesabiwa miongoni mwa nyimbo mashuhuri za transi, muziki wa disko unaotengenezwa kwa mashine juu ya mapigo yasiyobadilika. Kinachoutambulisha ni mahadhi ya piano, nayo yaliwekwa kwa makusudi.

Mtungaji

Jina lake halisi ni Roberto Concina. Alizaliwa Uswisi mwaka 1969 kwa wazazi Waitalia, akakulia Friuli, kaskazini-mashariki mwa Italia, akawa dijei. Alifariki Ibiza, Uhispania, Mei 2017, akiwa na miaka 47.

Chanzo

Miles alieleza sababu mbili. Ya kwanza ni picha za watoto walioathirika na vita vya iliyokuwa Yugoslavia, ambazo babake alirudi nazo kutoka kwenye kazi ya misaada. Ndiyo maana wimbo ukaitwa "Watoto".

Ya pili ni vifo vya barabarani. Miaka hiyo vijana wengi wa Italia walikufa kwa ajali wakirudi makwao alfajiri kutoka disko, wamechoka, wengine wamelewa, na damu ingali ikichemka kwa muziki wa kasi. Waitalia waliyaita maangamizi ya Jumamosi usiku. Miles alitaka wimbo wa kufungia usiku, utakaowapoza kabla hawajaingia garini.

Utengenezaji

Ajabu ni kwamba wimbo wenyewe si wa polepole. Mapigo yake ni takriban 137 kwa dakika, na watu wanaucheza. Utulivu unatoka kwingine.

Kwanza, ngoma haikurupuki. Hutanguliwa na sauti ndefu za sintesaiza zinazosikika kama nyuzi, kisha piano. Pili, piano imewekewa mwangwi, kwa hivyo noti moja haijaisha kabla nyingine haijaja. Noti chache zinatosha kujaza ukumbi. Tatu, ngoma inapoingia hupiga mapigo manne sawasawa huku mahadhi yakielea juu yake bila haraka. Miguu inakwenda mbio, sikio linapumzika. Halafu ngoma hunyamaza, piano ikabaki na nafasi yake, kabla ya mapigo kurudi. Hakuna anayeimba wala kuhimiza watu wapige kelele.

Mapokezi

Mwaka 1996 wimbo ulishika nafasi ya kwanza Italia, Ujerumani na Ufaransa, na ya pili Uingereza. Umo kwenye albamu yake *Dreamland*. Mwaka 1997 Miles alipata tuzo ya Brit ya msanii mpya wa kimataifa. Mtindo huo wa piano laini juu ya ngoma ya disko uliigwa na wengi.

Namna ya kuusikiliza

Tafuta toleo refu, "Dream Version", la zaidi ya dakika saba. Lile fupi la redio linapunguza ule utangulizi wa taratibu, ambao ni sehemu ya dawa yenyewe.