Ugwe wa Uta na Pete ya Drili

Mafundi wa vyombo vya pwani walikuwa na jina kwa kila kiungo cha kekee, yaani drili ya uta. Chuma kinachokata ndicho kekee yenyewe. Mti unaokishika ni msukano. Kishikio ambamo msukano huzunguka ni jivu. Na ugwe unaouzungusha umefungwa kwenye uta. Fundi alikandamiza jivu kwa mkono mmoja, akavuta na kusukuma uta kwa mkono wa pili, na chuma kikapekecha mbao kwenda na kurudi. Chombo cha namna hii ni cha kale mno: katika kaburi la Rekhmire, waziri wa Misri ya karne ya 15 kabla ya Kristo, wamechorwa maseremala wanaotoboa kiti kwa uta. Lakini sidhani kuna mahali ambapo watu walilitegemea tundu kama pwani yetu. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinautaja mji wa biashara wa Rhapta na kueleza kwamba jina lake limetokana na mashua zilizoshonwa. Mtepe, chombo cha pwani hiyo, nao ulishonwa hivyo hivyo, kwa kamba za makumbi ya nazi zilizopitishwa ubao hadi ubao, kisha kila tundu likazibwa ili maji yasiingie. Tundu likikaribia mno ukingo, ubao hupasuka. Likipishana na mwenzake, mshono haukazi. Hata misumari ilipochukua nafasi ya kamba, kekee haikustaafu, kwa kuwa msumari mnene ukigongwa katika mti mgumu usiotobolewa kwanza, huupasua.

Kekee ilikuwa na sifa moja ambayo haijapewa heshima yake: ilijua kukubali kushindwa. Chuma kikikwama katika fundo la mti, ugwe uliteleza juu ya msukano. Uta uliendelea kwenda, chuma kikabaki pale pale, na mkono wa fundi ukapata habari papo hapo. Tena nguvu yote ilitoka katika mkono huo huo. Mkono ukisita, kazi imesimama. Ninashikilia kwamba historia ya drili ya umeme, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kuupoteza utelezi huo na kuhangaika kuurudisha, na kwamba karakana inayotumiwa na watu wengi ingefaa kuchagua drili kwa kuangalia jinsi inavyosimama kabla ya kuuliza ina nguvu kiasi gani.

Mwaka 1889, Arthur James Arnot na William Blanch Brain walipata hataza ya drili ya umeme mjini Melbourne, lakini ile haikuwa mashine ya kubebwa. Mwaka 1895 karakana ya Wilhelm Emil Fein, huko Stuttgart, ikatengeneza ya kushikwa mkononi, nzito, ya kuhitaji mikono miwili. Hapo ndipo nguvu ilipohama kutoka kwenye mwili wa fundi. Mota haisikii fundo wala maumivu. Biti ikinaswa, hasa inapokaribia kutokea upande wa pili wa chuma au ubao, mota huendelea kuzunguka, na kwa kuwa biti haiendi, kinachozunguka ni mashine pamoja na mkono ulioishika. Hatua kubwa iliyofuata ilikuja Baltimore. S. Duncan Black na Alonzo Decker waliomba hataza mwaka 1914, wakaipata mwaka 1917, ya drili yenye mpini wa bastola na kifyatulio. Wengi huisifu kwa urahisi wake. Mimi naona ubora wake mkubwa ni kwamba kidole kikiachia, umeme umekatika: mkono ulirudishiwa nusu ya mamlaka yake. Nusu ya pili, yaani utelezi, ilirudi baadaye kwa pete yenye namba iliyo nyuma ya taya zinazobana biti. Namba ndogo, mashine hukubali kushindwa mapema. Namba kubwa, hung'ang'ania.

Atatokea fundi aseme kwamba utelezi ni udhaifu, na kwamba zege na vyuma vinene havitobolewi kwa upole. Ni kweli. Lakini kazi hiyo ina mashine yake, yenye mpini wa pembeni kwa mkono wa pili na gia ya mwendo wa polepole, na siku hizi nyingine hukata mota zenyewe zinapohisi zimegeuka ghafla. Kosa ni kuifanya mashine hiyo kuwa drili ya kila mtu, ya kufungia bawaba za kabati, kwa sababu tu ilionekana ina thamani zaidi dukani.

Pingamizi zito zaidi ni lile la kwamba ajali huletwa na uzembe, si na chombo; kwamba fundi makini haumizwi. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kila mtu angetumia chombo chake mwenyewe. Fundi anayemiliki drili moja kwa miaka huijua sauti yake. Katika karakana ya pamoja mikono hubadilika kila saa, na ubovu wa kekee ulionekana kwa macho, ugwe uliolika au jivu lililopasuka, ilhali ubovu wa drili umefichwa ndani ya plastiki: waya uliochubuka penye shingo, kifyatulio kinachoganda, kitufe cha kukifunga kifyatulio ambacho mtu wa awali alikisahau. Makini ya mtu mmoja haiwezi kuona alichokiacha mwenzake. Ndiyo maana kanuni za karakana za kutoa betri au kuchomoa plagi kabla ya kubadilisha biti, kuondoa ufunguo wa kubania, kubana kazi mezani badala ya kuishika, na kutovaa glavu karibu na kitu kinachozunguka, hazipaswi kuachiwa hiari. Mwenye kugundua kasoro aitenge mashine na kuifunga kibandiko, asiirudishe rafuni kimyakimya.

Drili ya betri, iliyoingia sokoni mwaka 1961, iliondoa waya na hatari zake, na leo ndiyo inayofaa karakana nyingi. Hata hivyo, katika nyingi ya drili hizo, pete ikigeuzwa hadi kwenye alama ya biti, utelezi wote huondoka na mashine huwa kama ile ya zamani isiyojua kuachia. Anayeipokea kutoka kwa mwenzake aisome pete kwanza, ndipo kidole kiguse kifyatulio.